Fumbo na Ufunguo: Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Usalama wa Kidijitali kwa Watetezi wa Haki Jijini Nairobi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeijadili tarakilishi kama suala la istilahi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, mjadala ulihusu iwapo Kiswahili kina uwezo wa kuibeba teknolojia. Swali hilo limekwisha kujibiwa na matumizi ya kila siku. Lililobaki ni gumu zaidi: je, istilahi tulizo nazo humwelekeza mtumiaji kutenda ipasavyo pale ambapo kosa dogo laweza kumgharimu kazi, makao au uhai?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia mafunzo ya usalama wa kidijitali yanayotolewa kwa watetezi wa haki za watu wa jamii inayojulikana kwa kifupi kama LGBTI, yaani wanawake wapendao wanawake, wanaume wapendao wanaume, wapendao jinsia zote mbili, watu waliobadili utambulisho wa jinsia, na wale wenye jinsia tata, ambao Waswahili wa pwani wamewaita huntha tangu zamani. Msomaji huenda ana maoni yake kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na makala haya hayakukusudiwa kuyaamua maoni hayo. Yanahusu usiri wa mtu na usalama wake, mambo ambayo Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimemhakikishia kila mtu, pamoja na usiri wa mawasiliano yake.

Hoja kuu ni kwamba usalama wa kidijitali ni mapatano baina ya watu kabla ya kuwa kazi ya mitambo, na mapatano hayafanyi kazi iwapo baadhi ya wahusika hawakuielewa lugha yaliyofungwa kwayo. Kiswahili kina akiba kongwe ya kufundishia jambo hili, nayo ni fumbo. Hata hivyo, akiba hiyo ina mpaka wake, na mwalimu asiyeuonyesha mpaka huo atawapotosha wanafunzi wake.

2.0 Hatari ya Orodha

Ni vyema tuanze na sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono inayoitwa kinyume na maumbile, na kifungu cha 165 kinaweka hadi miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu iliyoketi Milimani, Nairobi, ilikataa kuvibatilisha vifungu hivyo. Kwa upande wa pili, tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba bodi ya serikali iliyokuwa ikiratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilikiuka haki ilipokataa kusajili shirika la NGLHRC. Inafaa wanaisimu wakumbuke kwamba kesi hiyo, iliyodumu takriban miaka kumi, ilikuwa kesi kuhusu jina. Bodi ilikataa kulihifadhi jina la shirika kwa sababu ya maneno yaliyokuwamo.

Kutokana na hukumu hizi mbili, mtetezi anaruhusiwa kuunda shirika, ilhali matendo yanayohusishwa na watu anaowatetea yamebaki kuwa makosa ya jinai. Ofisi ya shirika la aina hiyo ina majalada ya wateja, namba za simu, kumbukumbu za zahanati na malalamiko ya waliopigwa au kufukuzwa nyumbani. Kila jalada ni orodha, na historia ya Afrika Mashariki inaonyesha orodha hufanya nini ikifika mikononi mwa wengine.

Mnamo Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha majina na picha za watu liliodai kuwa mashoga na kuhimiza wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliochapishwa, alilishtaki gazeti hilo pamoja na wenzake wawili na wakashinda. Mwezi Januari 2011 aliuawa nyumbani kwake. Polisi walisema mauaji hayo hayakutokana na harakati zake, na mtu mmoja alihukumiwa. Lakini wenzake walikwisha kujifunza kwamba jina likichapishwa halirudi. Mwaka 2015 gazeti moja la wiki la Nairobi lilichapisha orodha yake. Mwezi Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina, kampeni ambayo Serikali ya Tanzania ilijitenga nayo mwezi uliofuata.

Tukio la Dar es Salaam lina funzo la pekee: majina yalitakiwa yatoke kwa majirani na watu wa karibu. Hakukuhitajika mdukuzi. Vivyo hivyo, ripoti iliyotolewa mwaka 2011 na shirika la IGLHRC kuhusu vitisho vya kudai fedha katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara ilionyesha kwamba wanaotishiwa mara nyingi hutishiwa na watu wanaowafahamu. Mafunzo yanayoanza na kuishia kwenye mitambo huwa yameliacha jambo hili nje ya darasa.

3.0 Fumbo la Liyongo

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameusoma Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kisa chake kinajulikana, lakini hapa tukisome kama somo la mawasiliano.

Liyongo amefungwa gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila kile kizuri. Liyongo anampa Saada ujumbe wa kishairi aupeleke kwa mama, wa kumtaka aandae mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanauona mkate, wanaudharau, wanaupitisha. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na katika kishindo cha ngoma anaikata minyororo kwa tupa.

Kisa hiki kina mambo manne ambayo mkufunzi wa usalama wa kidijitali huhangaika kuyaeleza kwa michoro. Kwanza, ujumbe ulipita mikononi mwa adui. Saada hakuwa na njia nyingine ila lango la walinzi, kama ambavyo ujumbe wa simu hauna njia ila mitambo ya kampuni. Pili, usalama wake ulitokana na mapatano: mtumaji na mpokeaji walielewana, aliye katikati hakuelewa. Tatu, tupa ilifichwa ndani ya kitu kisichotamanika, na hiyo ni mbinu tofauti na ya pili. Kufumba ni kuufanya ujumbe usieleweke. Kuficha ni kuufanya usionekane. Watu wengi huyachanganya mambo haya, wakadhani kwamba faili iliyopewa jina la “mapishi” imefumbwa. Nne, walinzi hawakujua yaliyosemwa, lakini walijua Saada amekuja lini, ametoka kwa nani na amerudi mara ngapi. Mlinzi mwerevu angezihesabu safari zake.

Jambo hili la nne linastahili kutiliwa mkazo. Programu ya WhatsApp ilianza kufumba ujumbe wote kati ya mtumaji na mpokeaji mwezi Aprili 2016, na tangu hapo wengi hudhani kwamba wako salama kabisa. Maneno yamefumbwa, ni kweli. Lakini nani aliwasiliana na nani, saa ngapi na mara ngapi ni habari za aina nyingine, na hazifumbwi kwa njia hiyo. Nchini Kenya, ambako laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho na M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, namba ya simu peke yake hutosha kufungua mlango wa jina.

Liyongo hakuangamizwa na walinzi. Mfalme alimwahidi mwana wa Liyongo kwamba angemwoza binti yake, naye mwana akamwuliza baba ni kitu gani kiwezacho kumuua. Baba alishuku, na hata hivyo alisema: sindano ya shaba kitovuni. Siri iliyoshinda gereza ilitolewa kwa swali la mtoto. Wakufunzi wa leo huiita mbinu hii hadaa, na jijini Nairobi ina sura nyingi: mtu anayejuana na mwenziwe kwenye programu ya kutafutia wapenzi kumbe amekuja kukusanya picha za kutishia; ujumbe unaodai kutoka kwa mfadhili; fundi wa simu aliyeachiwa kifaa kikiwa wazi; ndugu anayeijua namba ya siri ya simu. Ngome hujengwa kwa mawe, lakini lango lake hufunguliwa na mtu.

4.0 Mpaka wa Fumbo

Mpaka hapa fumbo limetusaidia. Sasa tuonyeshe pale linapokoma.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Nguvu ya fumbo inategemea ujinga wa anayelisikia. Mwongozaji Wanuri Kahiu, ambaye filamu yake ya mwaka 2018 ilipigwa marufuku nchini Kenya na kisha kuruhusiwa na mahakama kwa siku 7 ili ionyeshwe, aliipa jina la Rafiki kwa sababu wapenzi wa jinsia moja hutambulishana kwa neno hilo mbele za watu. Ni fumbo zuri la maisha, lakini kila anayeishi Nairobi anaweza kuligangua. Watetezi wanaoandikiana kwa misimbo ya “sherehe”, “shangazi” na “rafiki” wanajilinda dhidi ya mpita njia tu. Afisa wa upelelezi aliyekulia Kawangware anajua Kiswahili na Sheng kama wao.

Ufumbaji wa kidijitali umesimama juu ya msingi ulio kinyume. Mholanzi Auguste Kerckhoffs alieleza mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, mradi tu asiwe na ufunguo. Kanuni ya ufumbaji huchapishwa hadharani na kuchunguzwa na wataalamu wa dunia nzima. Kisichojulikana ni ufunguo wa mtumiaji mmoja. Hapa mwerevu na mjinga huwa sawa mbele ya kufuli. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuanza na fumbo, lakini hana budi kumaliza na ufunguo, kwa maana swali la msingi hugeuka. Katika fumbo tunauliza: nani ataelewa? Katika ufumbaji tunauliza: nani anashika ufunguo, na nani anaweza kumlazimisha autoe?

Swali hilo la mwisho ndilo huwa na uzito mtaani. Mnamo Februari 2015, huko Ukunda, wanaume wawili walikamatwa kwa shutuma za mapenzi ya jinsia moja, wakati ambapo picha zilizodaiwa kuwa za ngono zilikuwa zikisambazwa katika eneo hilo, kisha wakafanyiwa uchunguzi wa mwili kwa nguvu. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mombasa iliamua kwamba uchunguzi wa aina hiyo ni kinyume cha sheria. Mahakama ilirejesha haki, lakini ilichukua miaka mitatu, na picha zikishasambazwa hakuna hukumu inayoweza kuzikusanya. Ndiyo sababu mkufunzi husisitiza kufuta kisichohitajika kabla ya kufunga kinachohitajika.

5.0 Istilahi Tatu na Wanayofundisha Kimyakimya

Istilahi haimtajii mtumiaji kitu tu. Humfundisha pia namna ya kukitumia. Tuangalie mifano mitatu.

(a) Nenosiri. Neno hili, pamoja na nywila, limekubalika. Kasoro yake ni kwamba linamwambia mtumiaji achague neno, naye huchagua neno moja: jina la mtoto, la mtaa, au la timu. Usalama hutokana na urefu. Mafunzo yangefaa kuzungumzia “fungu la maneno ya siri”, yaani maneno manne au zaidi yasiyohusiana, kwa mfano kinu, matatu, embe na Jumatano, ambayo mtu huyatungia picha akilini ili ayakumbuke. Methali na mashairi mashuhuri yasitumiwe, kwani yaliyo kwenye vitabu yako pia kwenye tarakilishi za wanaobahatisha.

(b) Wingu. Tafsiri hii imeingia nchini kwa kasi. Mawingu hayana mwenyewe, yako juu, hayashikiki. Lakini kinachoitwa wingu ni majumba yaliyojaa tarakilishi za kampuni, zilizo katika nchi yenye sheria zake. Mtu anayejua kwamba amehifadhi majalada ya wateja “katika ghala la mtu mwingine” ataulizia ufunguo wa ghala. Aliyeambiwa wingu hataulizia. Kwa mfano, nakala rudufu za WhatsApp zinazowekwa huko hazifumbwi kama ujumbe wenyewe mpaka mtumiaji awashe ulinzi wa ziada ulioletwa mwaka 2021.

(c) Shoga. Hili si neno la tarakilishi, lakini humkaribisha au humfukuza mtu darasani. Miongoni mwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa kupiga naye soga. Katika mitaa ya Nairobi limekuwa tusi la kurushiwa mwanamume. Mkufunzi anayelitumia bila kufikiri, au anayetumia maneno makali zaidi kwa kuwa ndiyo aliyoyakuta kwenye kamusi, atapoteza imani ya washiriki kabla ya kufungua tarakilishi. Na bila imani hakuna mshiriki atakayekiri kwamba alibofya kiungo asichokijua, jambo ambalo ndilo mkufunzi anapaswa kulisikia mapema kuliko yote.

6.0 Karatasi ya Mahudhurio

Mashirika mengi ya haki yana ofisi zake magharibi mwa jiji, katika maeneo kama Kilimani, Hurlingham, Lavington na Westlands. Kituo cha Sheria, mojawapo ya mashirika makongwe ya msaada wa kisheria, kiko Barabara ya Ole Odume. Warsha hufanyika huko au katika hoteli za katikati ya jiji. Yeyote aliyewahi kuhudhuria warsha ya Nairobi anajua kinachotangulia: karatasi huzungushwa, nawe unaandika jina, shirika, namba ya kitambulisho, simu, barua-pepe na sahihi. Jioni nauli hurudishwa kwa M-Pesa.

Katika warsha ya kilimo karatasi hiyo haina neno. Katika warsha ya watetezi wa haki za LGBTI, karatasi hiyo ni orodha ileile iliyotajwa katika sehemu ya pili, na imeandikwa kwa hiari na wenyewe, tena kwa hati zao. Kwa hiyo somo la kwanza la usalama wa kidijitali halihitaji umeme. Linahusu kuuliza: karatasi hii ni ya nini, itawekwa wapi, itasomwa na nani, na itateketezwa lini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imewapa watetezi mhimili. Sheria hiyo inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa miongoni mwa data nyeti, pamoja na afya, imani na majina ya jamaa zake. Ni jambo la kutafakari kwamba nchi ambayo Kanuni yake ya Adhabu ina kifungu cha 162 inayo pia sheria inayolinda siri ya mwelekeo huo. Mratibu wa warsha anaweza kumweleza mfadhili, kwa kutaja sheria ya Kenya, kwa nini washiriki watatia namba badala ya majina, na kwa nini ufunguo wa namba hizo utawekwa mbali na karatasi yenyewe.

Linalofuata ni suala la nani yumo darasani. Miongozo ya usalama haikukosekana. Security in a Box, uliotayarishwa na mashirika ya Tactical Technology Collective na Front Line, ulitoka mwaka 2009, na baadaye ukapata toleo mahususi kwa jamii za LGBTI za Afrika kusini mwa Sahara. Lakini mafunzo yanapoendeshwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, wanaofaidika ni wakurugenzi na maafisa wa miradi. Mhudumu wa mapokezi anayepokea simu za “nani yuko ofisini leo?”, mlinzi wa lango anayeandika namba za magari, dereva, msafishaji, na mwelimishaji rika anayepanda matatu jioni kurudi Kawangware akiwa na namba za watu 40 kwenye simu yake, hao hupewa muhtasari wa dakika tano. Saada hakuwa mkurugenzi. Kama yeye asingeelewa ni nini cha kusema na nini cha kunyamazia, tupa isingefika.

Kwa hiyo Kiswahili hapa ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Warsha inayoeleweka na mlinzi wa lango imeliziba tundu ambalo programu ya bei ghali haiwezi kuliziba.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba fasihi yetu inayo mifano inayoweza kuwafundisha watu wazima somo la kisasa bila kuwatisha kwa istilahi. Fumbo hutufundisha kwamba ujumbe hupita mikononi mwa wageni. Saada hutufundisha kwamba mbebaji naye ni sehemu ya siri. Mwana wa Liyongo hutufundisha kwamba hatari kubwa huja ikiwa na sura ya mtu tunayempenda. Pale fumbo linapokoma, ufunguo huanza, na mwalimu mwaminifu husema wazi kwamba ni vitu viwili.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi inayowasubiri hapa, nayo inapatikana umbali wa nauli moja ya matatu kutoka kampasi. Kutafsiri mwongozo, kuuhariri uliotafsiriwa vibaya, au kuketi na waelimishaji rika na kuwauliza wao huviitaje vitu hivi, ni utafiti wenye manufaa. Atakayeifanya kazi hiyo azingatie jambo moja: daftari lake la utafiti nalo ni orodha.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kufumba na kuficha ujumbe. Toa mfano mmoja kutoka fasihi simulizi ya jamii yako na mmoja kutoka matumizi ya simu.

2. “Wingu” na “ghala la mtu mwingine” ni istilahi mbili za kitu kimoja. Ni ipi inayofaa katika kamusi, na ni ipi inayofaa darasani? Jadili.

3. Chukua fomu yoyote uliyojaza wiki hii. Ni habari zipi zilizoombwa ambazo hazikuhitajika, nawe ungeifupishaje fomu hiyo?